Jembe la Kaburi

Siku ya ishirini na moja tangu Fidele azame katika mto Malagarasi, mvua ilinyesha Nyakitonto kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyeshika jembe. Majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Kwa Niyonkuru, ng'ambo ya mfereji, maharage yalikuwa yameshachomoza majani mawili mawili. Shamba la Fidele lilikaa vilevile, jeusi, limetifuliwa kwa mikono yake mwenyewe mwezi wa tisa, likinywa maji bure.

Ndivyo walivyo watu wale. Walitoka Burundi na desturi zao zikavuka pamoja nao bila kuomba kibali: nyumba iliyofiwa hailimi mpaka marehemu azikwe na watu wanawe mikono kwa maji ya matanga. Na asiyeonekana hazikwi. Kwa hiyo mkeka wa wafiwa ulikuwa bado umetandikwa, moto wa uani bado ulikuwa unawaka, na msimu ulikuwa unapita kama gari lisilosimama.

Ndayisaba, kaka wa Fidele, alikaa kwenye kigoda barazani akiitazama mvua. Hakuwa amelia hata siku moja. Watu walisema ni uanaume. Yeye mwenyewe hakujua ni kitu gani. Ilikuwa kama mkono ulioulalia usiku: unauona ni wako, unaugusa, lakini wenyewe haukugusi.

Alikuwa na miaka hamsini na kidogo. Aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, akakua akiitwa mkimbizi, akaoa akiitwa mkimbizi, na siku alipopewa karatasi ya uraia aliikunja mara nne akaiweka kwenye boksi la betri za redio, kwa sababu hapo ndipo alipoweka vitu vya thamani. Redio ndizo zilizomlea. Ya kwanza ilikuwa ya baba yake, iliyokufa mwaka wa njaa. Aliifungua kwa kisu cha mboga, akaifufua, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake mjini Kasulu. Alikuwa Fundi tu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko: redio, simu, pasi, mitambo ya sola, chochote kilichowahi kupitisha umeme.

Fidele alikuwa mtu wa baiskeli. Alizaliwa hapa hapa, miaka kumi na miwili baada yake, na tofauti yao ilikuwa hiyo: mmoja alikaa, mwingine alizunguka. Alibeba maharage ya watu kutoka Nyakitonto, akavuka mto kwa mtumbwi kufuata njia ya mkato, akayauza kwenye magulio ya upande wa Kibondo. Watu wa baiskeli wakivuka pale wana mtindo wao. Baiskeli hulazwa kwenye mtumbwi, kisha mwenyewe hujifunga kwayo kwa ukanda wa tyubu, mwisho mmoja kwenye fremu, mwingine kwenye kifundo cha mkono. Wameona baiskeli nyingi zikiteleza na kuzama. Baiskeli ikipotea, mtu ameangamia. Hivyo huhesabu wao. Siku ile mto ulikuwa umejaa maji ya mvua za huko juu, mtumbwi ukapinduka. Watatu walishika gogo wakaokoka. Fidele alikuwa ameshikwa na baiskeli yake.

Ndayisaba alikwenda ofisi ya serikali kuomba msaada wa kumtafuta. Alipokewa vizuri, akapewa kiti. Ofisa alimweleza kwamba wapiga mbizi hawapo, chombo hakipo, mamba wapo, na kwamba angeweza kuandika barua. Aliandika barua. Walivuka watu mia kila gulio mahali pasipo daraja wala kamba ya kushika, na walipozama walipewa karatasi na kalamu. Ndayisaba hakukasirika. Hasira nayo inahitaji mkono ulio hai.

Saa nne mvua ilipokatika, gari aina ya pikapu liliingia uani likiwa na matope hadi vioo. Aliteremka Nurudini, mtu wa Ujiji, dereva na nahodha wa kambi moja ya wageni iliyo chini huko mtoni, wanakokuja watu wa mbali kuvua samaki kwa starehe. Alimfahamu Ndayisaba tangu alipowatengenezea sola. Alivua viatu, akasalimia mkeka mzima, akakaa.

"Poleni sana jamani. Mola amsitiri."

"Mwihangane," wakaitika wanawake, kama wanavyopeana pole kwao.

Baada ya kikombe cha uji, Nurudini akasema lililomleta. "Fundi, nilikwenda kibandani nikakuta kufuli. Nimeona aibu kuja hapa na shida ya kazi, lakini wageni wanafika Jumamosi, na mashine ya kuonea samaki imekufa."

"Mashine gani?" aliuliza Senge Philomena. Alikuwa shangazi wa ndugu hao wawili, na *senge* ni shangazi kwa lugha yao. Ndiye aliyeshika sheria za matanga yale.

"Ni sona, mama. Inaning'inizwa majini chini ya boti, inapiga sauti ambayo hata wewe huisikii, inasikiliza mwangwi wake, halafu inakuchorea kwenye kioo. Si picha ya jana, ni mubashara, kama mpira kwenye televisheni. Samaki akigeuza mkia, unamwona anageuza."

"Halafu mnamkaanga."

"Wapi! Mgeni amepanda ndege tatu kumfuata samaki huyo. Anamvuta, anampiga picha, anambusu, anamrudisha majini."

"Anambusu samaki?"

"Mdomoni, mama."

"Yoo! Na mkewe yuko wapi saa hizo?"

"Mkewe ndiye anayepiga picha."

Wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza mkekani kwa wiki tatu, na waliona haya mara moja, wakafunika midomo kwa kanga. Ndayisaba alikisikia kama kinatoka nyumba ya pili. Alikuwa ameganda kwenye neno jingine.

"Maji ya matope je?" aliuliza. "Inaona?"

"Sauti haijali matope."

"Inaona samaki tu?"

Nurudini alimtazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Inaona kitu, Fundi. Gogo, jiwe. Kitu."

Dorcas, mjane wa Fidele, alikuwa akiosha vikombe kwenye beseni. Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Meneja wa kambi hawezi kukupa boti," Nurudini alisema polepole. "Nimjuavyo mimi, hawezi. Lakini mashine ikipona lazima ijaribiwe kabla ya wageni. Na mjaribu ni mimi. Maji ni maji. Sijawahi kuambiwa nijaribie wapi."

Ndayisaba akasimama. Senge Philomena naye akasimama, akamzibia njia ya mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchukua vifaa, Senge."

"Mdogo wako hajazikwa."

"Sishiki jembe."

"Kile chuma chako cha kulehemu, ndicho kinachokulisha?"

"Ego, ndicho."

"Basi ni jembe. Dorcas anatazama mvua inapita na hajagusa mpini. Wewe ni nani?"

Hakuna aliyemtetea, kwa maana shangazi alisema kweli. Ndayisaba aliangalia viganja vyake.

"Senge, kaburi linachimbwa kwa nini?"

"Kwa jembe."

"Na hilo jembe halivunji matanga?"

"Jembe la kaburi halilimi."

"Basi chuma hiki ni cha kaburi."

Senge akasogea pembeni, akaokota mkeka uliokuwa mlangoni ili apite bila kuukanyaga.

Ndayisaba alifanyia kazi palepale uani, kwenye betri ya pikapu. Kichwa cha sona, ile transdyusa yenyewe, kilikuwa kipande cheusi kizito, kirefu kama mche wa sabuni, na ugonjwa haukuwa hapo. Panya walikuwa wametafuna kebo, na mtu wa kambini akasokota nyaya gizagiza na kuzifunga kwa selotepu. Ndani ya kebo mlikuwa na nyaya nyembamba kama nywele, nyingine za rangi moja. Alizipima kwa mita moja baada ya nyingine, akaziunganisha kwa risasi ya kulehemu, kila moja peke yake. Mara moja ncha ya moto iligusa kidole chake. Aliona ngozi inageuka nyeupe, wala haikumuuma, akaendelea. Ili maji yasiingie kwenye kiungo, alikipaka gundi, kisha akakizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, akivuta hadi mpira uimbe. Ukanda huo aliupata ukutani, kwenye msumari wa Fidele, ulipokuwa umening'inia na mingine.

Walijaribu kwenye pipa la maji ya mvua. Kioo kikaonyesha ukungu tu.

"Imekufa," alisema Dorcas.

"Hapana, shemeji. Pipa ni dogo. Ni kama kupiga kelele ndani ya chungu, mwangwi unakurudia mdomoni. Inataka mto."

Walifika mtoni kesho yake saa tatu asubuhi: Nurudini kwenye usukani, Ndayisaba mbele na kioo mapajani, Dorcas katikati. Senge alikuwa amesema mwanamke aliyefiwa na mume havuki maji. Dorcas alijibu kwamba havuki, anakwenda katikati tu na kurudi.

Walianzia kivukoni, wakashuka na mkondo taratibu. Ndayisaba aligeuza mlingoti ulioshikilia kichwa cha sona majini, kushoto na kulia. Chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, dunia nyingine ikafunguka kiooni: mchanga uliolala kwa mikunjo, magogo, kundi la samaki wadogo kama vumbi, kisha mmoja mkubwa, peke yake, akipita bila haraka. Kwa kioo hiki watu walimtafuta samaki watakayemrudisha. Kwa mtu ambaye hangerudi, nchi nzima haikuwa na kioo. Ndayisaba alitazama tu, kama anavyotazama redio ya mteja.

Katika saa ya pili ya kutafuta, kwenye kona ambapo mizizi ya miti ya kingoni inaingia majini, aliinua mkono. Nurudini akapunguza injini.

Yalikuwa maduara mawili. Moja zima, jingine limekatwa nusu na mchanga. Katikati yake mistari mitatu iliyonyooka, na mtoni hakuna kitu kinachonyooka.

"Ni yenyewe?" Dorcas aliuliza.

"Ni yenyewe."

Aligeuza mlingoti kidogo kidogo kuzunguka yale maduara. Mizizi. Mchanga. Mizizi. Alirudia. Nurudini alizima injini kabisa, akawa anashikilia tawi ili boti isisogee. Ndayisaba alirudia mara ya tatu, ya nne, mpaka shingo ikamuuma, kisha akalaza mlingoti.

Waliivuta kwa nanga ndogo. Ilitoka ikichuruzika tope, magurudumu yamejaa majani, mikoba ya maharage imepasuka, na maharage yaliyobaki ndani yalikuwa yameota na kuoza. Kwenye fremu ukanda wa tyubu ulikuwa bado umefungwa. Ulining'inia, na mwisho wake kulikuwa na kitanzi, kipana kiasi cha kifundo cha mkono wa mtu. Fundo lilikuwa halijafunguka. Kitanzi kilikuwa kitupu.

Nurudini alinyoosha mkono kutaka kulifungua, baiskeli ilale vizuri.

"Usiguse," Dorcas alisema. "Alifunga mwenyewe."

Walitafuta hadi saa tisa, chini hadi kwenye matete na kurudi. Halafu mafuta yakafika nusu na Nurudini akageuza boti.

Uani, Senge Philomena alikikata kitanzi kutoka kwenye fremu kwa kisu, mbali na fundo. Alikishika viganjani kama anavyoshikwa kifaranga.

"Kilimshika mkono mara ya mwisho," alisema. "Sisi sote hatukumshika. Tunazika hiki."

"Shimo dogo basi," alisema Niyonkuru, aliyekuja na wanaume wa kuchimba.

"Dogo kwa nani? Mnamzika mtu. Urefu wake."

Hakuna aliyejua urefu wa Fidele. Ndayisaba alivua koti, akalala chali kwenye udongo wenye maji, mikono ubavuni. Walikuwa wakilingana. Niyonkuru alichoma kijiti juu ya kichwa chake, kingine chini ya nyayo, bila kumtazama usoni. Ndayisaba aliona mawingu. Alisikia ubaridi unapenya shati, akajua kuwa ni ubaridi, basi.

Walichimba shimo la mtu mzima, wakaweka ndani yake kitanzi cha mpira kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, wakasali, wakafukia. Maji ya matanga yakaletwa kwenye beseni. Walinawa mmoja mmoja: Senge, Dorcas, Ndayisaba. Kisha Senge akakunja mkeka.

Hazikupita dakika kumi. Dorcas aliingia ndani, akatoka na jembe na kikapu cha mbegu, akaelekea shambani akiwa na nguo zilezile za mazikoni. Ndayisaba alimfuata. Dorcas alichimba mashimo, Ndayisaba akadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo. Walikwenda hivyo matuta mawili.

"Shemeji," Dorcas akasema.

"Naam."

"Unaweka tatu tatu. Tunaweka mbili."

Aliinama kwenye shimo, akatoa mbegu moja. Iligusa kidole kilichoungua, na kikauma.

"Mbili," alisema, akaendelea.