Upasuaji Umefanikiwa kwa Maana Gani

Nianze kwa kusahihisha taarifa iliyoenea Bunda, kwamba nilitoka katika mkutano wa wastaafu kwa hasira. Sikutoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu ya jiwe. Tulikuwa tumefika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, nami nilikuwa nimesimama kusahihisha aya ambayo katibu aliiandika ovyo, ndipo maumivu yaliponishika ubavuni na kuteremka hadi kinenani. Nilijikuta nimeinama juu ya meza ya mwenyekiti, nimeing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Mzee mwenzetu," mwenyekiti akasema, "hata kama hukubaliani nasi, meza usiivunje."

Nilipotoka nimejishika ubavu, katibu akaandika kuwa mjumbe ameondoka kwa kupinga. Nimeomba mara kadhaa maneno hayo yafutwe. Hayajafutwa.

Jiwe lenyewe lilionekana Musoma, kwanza kwa altrasaundi, kisha kwa picha ya mashine kubwa zaidi. Lilikuwa ndani ya figo ya kushoto, katika kijichumba cha chini kabisa, limejikunyata kama mpangaji asiyetaka kuonana na mwenye nyumba. Daktari aliniuliza huwa nakunywa maji kiasi gani. Nikamweleza kwamba katika utumishi wangu wote nilikunywa chai asubuhi na chai jioni, basi, kwa kuwa ofisa anayetokatoka kikaoni kwenda msalani hawezi kuheshimiwa na walio chini yake. Nilitarajia pongezi. Yeye alitikisa kichwa tu.

Hapa sina budi kumtaja dada yangu. Ni mkubwa kwangu, ni mjane, anaishi Butiama, na tangu mke wangu alipofariki amekuwa akitafuta sababu ya kuniondoa katika nyumba yangu ya Kitaji, hapa Musoma, ili nikae kwake, chini ya uangalizi wake, na mizizi yake ya kuchemsha. Aliposikia habari za jiwe alipiga simu.

"Jaribu hao madaktari wako," alisema. "Wakishindwa, unahamia Butiama. Sitaki maneno."

"Na wakifanikiwa, dada?"

"Wakifanikiwa, ubaki huko na masufuria yako machafu. Sitakusumbua tena."

Nikakubali. Msomaji aelewe basi kwamba nilipopanda kitanda cha upasuaji sikuwa napigania figo tu. Nilikuwa napigania makazi.

Daktari bingwa alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alinieleza kuwa sitapasuliwa kwa kisu kirefu kama zamani. Angetoboa tundu dogo mgongoni, apitishe mrija wenye kamera hadi kwenye figo, alivunjevunje jiwe na kulitoa kwa vipande. Nikamtaka anihakikishie mafanikio. Akasema hawezi, maana mafanikio hutegemea mambo mengi: ukubwa wa jiwe, ugumu wake, kijichumba lilimokaa, umbo la figo, kama mkojo una vijidudu, uzoefu wa mikono inayofanya kazi, na mwili wa mgonjwa.

"Mwili wa mgonjwa kwa namna gani?" nikauliza.

"Mzee wangu, ukiwa mnene, njia ya kufikia figo inakuwa ndefu."

"Daktari, tumbo langu liko mbele. Jiwe liko nyuma."

"Na nyuma nako kupo, mzee," alisema. Muuguzi aliyekuwa dirishani akageuka ghafla kuangalia ziwa.

Mkojo ulipimwa, ukakutwa na vijidudu, nikapewa dawa na kuambiwa nimalize dozi kwanza, kwa sababu kulivunja jiwe lenye uchafu ni kuutawanya uchafu huo mwilini. Hilo nililiona ni la busara. Sikuona busara yoyote katika yaliyofuata.

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi aliniagiza hivi, na nanukuu: "Mzee, kesho asubuhi usile kitu." Nikamwuliza kama agizo ni hilo tu. Akasema ni hilo tu. Asubuhi, dada yangu, ambaye alikuwa amekuja Kitaji kusimamia kushindwa kwa madaktari, alipika uji wa ulezi. Tulilijadili jambo hilo kwa makini, mezani. Tukakubaliana, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwamba uji haulwi. Uji hunywewa. Nikanywa bakuli zima.

Hospitalini mtaalamu wa dawa za usingizi akaniuliza, "Mzee, umekula?"

"Sijala."

"Hujaweka kitu chochote tumboni?"

"Nimekunywa uji."

Akavua glovu. Nikamweleza tofauti iliyopo kati ya kula na kunywa, na kwamba agizo lililoandaliwa vibaya haliwezi kumhukumu aliyelitii. Dada yangu akaongeza kuwa tangu dunia iumbwe hajawahi kusikia mtu akila uji.

"Mama," mtaalamu akamjibu, "ukimlaza mtu kwa dawa, uji unaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Tumbo halijui Kiswahili."

Nikaahirishiwa. Muuguzi alilaumiwa, mimi nililaumiwa, uji haukulaumiwa. Nafurahi kusema kwamba nilipoitwa tena, agizo lilikuwa limerekebishwa: "usile, usinywe, usilambe." Hilo la kulamba sikulihitaji, lakini ndivyo maagizo yanavyopaswa kuandikwa.

Kuhusu upasuaji sina la kushuhudia, nililala. Najua tu kwamba nililazwa kifudifudi, jambo ambalo cheo changu hakikuwahi kulidai. Nilipozinduka dada yangu alikuwa kando ya kitanda, amelifunua shuka langu bila ruhusa.

"Wamekukata wapi?" alisema. "Hapa pana bandeji ya mtoto aliyejikwaa. Na jiwe liko wapi?"

Kwetu mtu akitolewa kitu mwilini, ndugu huonyeshwa. Dada yangu alikuwa amekuja na kitambaa safi cha kulifungia. Mtu aliyekulia Butiama, ambako majabali yamekaa hadi uani, humdanganyi juu ya mawe. Daktari alipomwonyesha kichupa chenye chembechembe za rangi ya udongo, alikikagua kwenye mwanga kisha akakirudisha.

"Mwanangu, huu ni mchanga. Mchanga tunao Musoma, ufukweni, bure."

"Ndilo jiwe lenyewe, mama. Tumelivunja. Upasuaji umefanikiwa."

Moyo wangu ukatulia. Nikaona Kitaji, kiti changu, ukimya.

"Kimebaki kipande kidogo tu kule chini," daktari akaendelea, "kama punje ya mtama."

"Kimebaki?" tulisema mimi na dada yangu kwa pamoja, kwa nia tofauti kabisa.

Daktari akafafanua kuwa kipande kidogo kisichoziba njia wala kuleta maumivu bado wao hukihesabu kuwa ni mafanikio, na huenda kikatoka chenyewe kwa maji. Katika ofisi zetu jalada lilikuwa limefungwa au halijafungwa. Sikuwahi kuona jalada lililofungwa kasoro punje ya mtama. Hata hivyo, kwa kuwa tafsiri hiyo ilikuwa upande wangu, niliitetea kwa nguvu zote.

"Ghala lenye panya mmoja bado ni ghala lenye panya," dada alisema. "Fungasha."

Tukafikia mwafaka: uamuzi ungojee kipimo cha marudio, na hadi hapo dada angekaa Kitaji kuhakikisha nakunywa maji. Alinifuata na kikombe uani, sebuleni, hata kanisani. Majirani walinisalimia kwa kuuliza, "Mzee, umekunywa?" Chumvi ilitoweka jikoni. Nyama choma ya Jumamosi ikageuzwa kuwa mchicha.

Siku ya kipimo, daktari alitazama picha. "Figo ni safi. Hakuna kitu."

Nikamgeukia dada yangu. "Umesikia? Upasuaji umefanikiwa kwa kila maana."

"Kwa sababu gani, daktari?" aliuliza.

Kijana yule, kwa uaminifu ambao sitamsamehe, akajibu kuwa jiwe halikuwa gumu sana, vijidudu vilikuwa vimetibiwa mapema, na njia ya kulifikia ilikuwa nzuri. "Na maji, mama. Vipande vya kule chini ni vigumu kutoka. Aliyemnywesha amefanya kazi kubwa. Aendelee tu, maana mawe hurudi."

"Kwa hiyo nikiondoka, linarudi."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema."

Wiki ile ile nyumba yake ya Butiama ilipata mpangaji, mwalimu mwenye familia, na kuku wa dada wakafika Kitaji ndani ya tenga. Makazi niliyoyapigania bado ninayo, na hakuna aliyevunja makubaliano: sijahamia Butiama. Nalala chumba cha wageni, kwa kuwa kile kikubwa, dada anasema, kina hewa inayomfaa mtu mwenye majukumu.