Kofia Iliyongoja Kichwa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena. Shule niliishia darasa la pili, lakini leo ukifika Tabora mjini ukamuulizia fundi mwenye cherehani tisa barazani, hata mtoto mdogo atakushika mkono akulete kwangu. Nimeshona kanzu za matajiri, nimeshona kaptula za askari, na nyumba yangu ya bati nimeijenga bila kumwomba mtu msumari. Kwa hiyo nilipokwenda Kwihara miezi michache iliyopita kuliangalia tembe letu la zamani, nilijua nitakuta nini. Udongo. Na kweli nilikuta udongo: paa limeanguka, mbuzi wa watu wamelala pale tulipokuwa tukilala sisi.

Nilisimama ilipokuwa pembe ya bibi. Ngoja nikueleze hiyo pembe, maana wewe hukuiona.

Tulikuwa wawili tu katika tembe lile, bibi mzaa baba na mimi. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Baba aliandikwa kazi ya mkonge huko Tanga pamoja na vijana wenzake, akasema mkataba ukiisha anarudi. Alipoondoka tu, bibi akaanza kumshonea kofia ya mkono, ile ya matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi moja moja, ili siku atakayoshuka garimoshi asiende kusali kichwa wazi.

Pembe ilikuwa chini ya kidirisha, kwa sababu mwanga ulikuwa huo huo mmoja. Mkeka chini. Sanduku la chai limepinduliwa kuwa meza. Nyuzi ndani ya makopo, nyeupe mbali na za rangi. Mkasi unaning'inia kwenye msumari, sindano zimechomekwa katika kipande cha blanketi ukutani, na kando ya goti lake bonge la nta ya nyuki. Uzi wote aliupitisha kwanza kwenye nta usije ukajisokota, na mpaka leo nikinusa asali mbichi sokoni naiona mikono yake kabla sijauona mzinga. Nikisogeza kopo hata kidogo, ananijia juu.

"Mume wangu, umenihamisha nyumba! Unataka nipotee humu humu ndani?"

"Ukipotea, mke wangu, nitakutafuta kwa taa."

Anacheka. Halafu kimya kinarudi.

Kimya hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko chakula, na chakula chake kilikuwa ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga, usinifanye nikaanza kusifia. Asubuhi nateka maji, namenya karanga, nafagia. Jua likigeukia dirishani, bibi anakaa. Sindano inazama, inatoka. Upepo ukivuma kutoka mjini tunasikia garimoshi linalia. Mkono wake unasimama. Mimi namtazama, yeye hanitazami. Kisha sindano inazama tena.

Na kofia haikwisha. Nilirefuka, kaptula zikanibana, kofia ipo pale pale. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walichungulia mlangoni wakimtania.

"Mama, hiyo ni kofia au ni ghorofa la Mwarabu?"

"Nyinyi mnaojua haraka, nendeni. Kofia zenu jua linapita mpaka kwenye ubongo!"

Wanacheka, wanakwenda zao na ndoo zao. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilijiambia nikikua nitakuwa fundi wa upesi, na ndivyo nilivyokuwa. Bibi alifariki wakati najifunza cherehani mjini. Baba hakurudi, wala salamu zake hazikuja. Siku ya matanga watu waligawana vyombo, na pembe ile ikafagiliwa asubuhi moja.

Basi nimesimama pale na mbuzi, nikasikia naitwa. Jirani yetu, sasa ajuza wa mkongojo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa kama mtu anayekula peke yake."

"Nakula nilichochuma, mama."

"Haya, kula."

Akaingia ndani, akatoka na furushi la kaniki. Ndani yake, kofia. Kipande cha juu kimekamilika. Mkanda wa kuzunguka kichwa umekamilika, ila mwishoni palikuwa peupe, upana wa vidole viwili, na ncha zake hazijaunganishwa.

"Bibi yako alifika hapo wewe hujang'oa meno ya utoto," akasema. "Hapo pa mwisho alimwachia mwenyewe. Tulimwambia apime kwa kamba, akakataa. Alisema kichwa hupimwa kikiwepo."

"Mama, mimi nilimwona anashona kila siku!"

"Anashona, anafumua, hapo hapo padogo. Angekaa mikono mitupu tungemuuliza habari za mwanawe. Akiwa na sindano, tulimuuliza habari za kofia."

Nikaifunga tena katika kaniki, nikarudi nayo mjini.

Nyumba yangu ina vyumba sita. Mke wangu alirudi kwao, watoto wameoa na kuolewa, na taa inawaka katika chumba kimoja. Nilikisafisha kingine chenye dirisha zuri. Nikatandika mkeka, nikapindua sanduku, nikapanga makopo, nikatafuta nta. Nikajipima kichwa mwenyewe, nikaanza vile vidole viwili. Cherehani tisa hazikunisaidia kitu. Siku ya kwanza nilitoa matundu matatu, jioni nikayafumua yote. Vijana wangu walikuja kugonga.

"Mzee, sare za ile shule zinangojwa!"

"Zingoje."

Matundu yangu yametoka makubwa kuliko ya bibi. Ukiitazama kofia utaona mkono ulipobadilika, huhitaji kuambiwa. Naivaa humu ndani tu. Kwihara hakuna tena anayeshona hivyo, siku hizi wananunua kofia za cherehani, nyingine nimezishona mimi. Zinashonwa upesi, na hakuna anayechungulia mlangoni kumuuliza mshonaji lolote.

Ile shule ilingoja, ikachoka, ikampa kazi fundi mwingine. Vidole viwili vya kitambaa vimenigharimu shilingi mia nne na kumi na saba na senti hamsini.