Redio ya Dirishani

Mardhiya binti Mikidadi alianza kuchoka miguu, ukafuata mgongo, halafu akachoka kitu ambacho hakukijua jina. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Binti yake Adija alikuwa ameolewa Pangani, ana wanawe wa kulea. Majirani walimwona kila asubuhi akitoka kisimani, akirudi anafua mashuka ya mumewe, wakasema, "Mardhiya ana subira," wakapita zao. Na mtu akishasifiwa subira, haulizwi tena kama anaumwa.

Mumewe, Mwishehe, alikuwa mpishi wa meli. Ujana wake wote uliishia katika majiko ya meli za moshi, leo Mombasa, kesho Aden, keshokutwa Bombay. Bagamoyo aliifikia mara moja kwa mwaka, na kanga, na sabuni za manukato, na hadithi zisizokwisha. Vita vikuu vilipomalizika aliona imetosha, akarudi moja kwa moja na sanduku lake la mninga, na mkononi redio. Waliiita redio ya mkono kwa sababu ilikuwa na mpini wa ngozi wa kuibebea, lakini uzito wake ulikuwa wa mtoto anayekataa kutembea. Ndani mlikuwa na taa ndogo za kioo, na betri kubwa kama tofali. Ukiifungua ilikaa kimya mpaka zile taa zipate moto, ikakoroma, na baada ya kukoroma dunia ikaingia ndani ya nyumba: Kairo, Delhi, London, na miaka ya baadaye Dar es Salaam yenyewe.

Mwishehe alikuwa akizungusha kitufe polepole, kichwa amekiinamisha. "Huyu yuko Bombay," alimwambia mkewe. "Sikia wanavyoimba. Pale bandarini kuna mzee anakaanga bajia, Mama Adija, ukila moja utaisahau njia ya kwenu." Mardhiya alicheka. Enzi hizo alikuwa bado na nafasi ya kucheka.

Kisha kiharusi kikamwangusha mwanamume yule akiwa anatawadha uani. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na mtoto wa jicho, aliyekuwa amekwisha kuanza, akamaliza kazi yake. Aliyezijua bandari za watu sasa hakujua mtungi wa maji uko upande gani wa chumba.

Ndipo Mwinyijuma, mwuza nazi, rafiki yake tangu chuoni walikosomea Kurani, akatoa shauri. Redio iwekwe dirishani, uso wake uelekee nje. Watu wakae barazani wasikilize, na mgonjwa aliye ndani asikie sauti za wenzake, asijione ametupwa. Lilikuwa shauri jema, likafuatwa. Kila siku baada ya alasiri baraza ilijaa. Walisikiliza habari, wakabishana juu ya habari, wakacheka mpaka kuta zikaitikia. Mardhiya alipika kahawa, akaosha vikombe, akapika nyingine. Walipokwenda kuswali magharibi alifagia maganda ya karanga, akaingia ndani kumgeuza mumewe ubavu.

"Hii ndiyo dawa yake," alijiambia, mkono umeshika kiuno. "Nikiacha, watu hawaji, naye atabaki na ukuta." Akajikaza.

Mwaka wa hamsini na tisa, mvua za masika zilipoanza, redio ikaanza kuugua. Mara ikatoa sauti ya mtu anayesukutua. Mara ikanyamaza katikati ya habari, na wanaume wa barazani wakapiga ukelele kama waliomwagiwa maji. Mardhiya akatia kilemba cha kanga kichwani, akajitwika redio, akaenda nayo kwa Ramadhan, fundi saa, mwenye duka dogo karibu na soko.

"Shikamoo, mama. Imerudi tena?"

"Marahaba. Imerudi, mwanangu. Itazame."

Ramadhan aliifungua mgongo. Ndani mlikuwa na vumbi, na mende mkavu, na zile taa za kioo, mojawapo imeingia weusi. Aliinusa, akatikisa kichwa.

"Naweza kuitengeneza," alisema. "Nitaagiza taa hii Dar es Salaam. Ikija nitaitia, nayo itaimba. Lakini mama, sitaki kukudanganya. Nikiziba hapa, itavuja pale. Hata betri zake siku hizi ni za kutafuta. Imezeeka."

"Kila kitu kimezeeka," Mardhiya akajibu.

Ramadhan akainua kitu kutoka rafuni, cheusi, si kikubwa kuliko Msahafu. "Hizi ndizo zinazokuja sasa. Hazina taa ndani. Betri zake ni hizi za tochi. Ukifungua tu, inasema." Akaifungua, nayo ikasema, kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayekunong'oneza habari za jirani.

"Mbona haisikiki?"

"Ndiyo ukubwa wake huo. Ni ya mtu mmoja, au wawili wanaokaa karibu. Fikiri, mama. Kubwa iache hapa mpaka uamue."

Alirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani akagundua kwamba shingo yake ilikuwa nyepesi.

Siku ya kwanza wanaume walikuja, wakaona dirisha tupu, wakanywa kahawa wakaondoka mapema. Siku ya pili walikuja nusu. Juma lilipokwisha baraza ilikuwa ya kuku. Mardhiya alipika kahawa kwa mazoea, ikapoa, akaimwaga uani. Alisimama na birika mkononi akiwaza: hawa watu wote, miaka yote hii, hapana hata mmoja aliyevuka kizingiti akamshika mgonjwa mkono. Walimwita "Mwishehe, hujambo?" kupitia dirishani, wakageukia redio.

Aliyekuja ni Mwinyimvua peke yake, mzee mshona makuti, na huyo masikio yake yalikwisha kufa zamani. Hakuwahi kusikia hata neno moja la redio. Alikuwa akija kukaa tu. Sasa alikaa barazani peke yake, akatazama njia, akaaga kwa mkono.

Kisha Mwinyijuma akaja, hakukaa. "Shemeji," alisema, "tumeshauriana. Tutachanga, sote. Tununue redio kubwa, ya kabati, yenye sauti ya kufika mpaka msikitini. Itakaa hapahapa dirishani. Redio hii si ya Mwishehe peke yake tena, shemeji, ni ya mtaa."

"Na kahawa?" Mardhiya akauliza.

"Kahawa?"

"Nayo ni ya mtaa?"

Mwinyijuma alicheka, akidhani ni mzaha. Mardhiya akamwambia atamuuliza mwenye nyumba.

Jioni ile alikuwa akimlisha mumewe uji wa mtama. Kijiko kilikwenda, kikarudi. Akamwambia yote: maneno ya fundi, kile kiredio chembamba, na mchango wa wanaume. "Sasa sema wewe, Baba Adija. Tuitengeneze ile, tununue ndogo, au tuwaachie walete hiyo kabati?"

Mwishehe alimeza. Maneno yake yalitoka moja moja, kila moja likiburuta mguu.

"Ile ... mimi ... siisikii."

"Huisikii vipi?"

"Imetazama nje. Nasikia ... vicheko. Habari ... sisikii."

Mardhiya aliweka bakuli chini. "Tangu lini?"

"Tangu ... ilipowekwa."

"Ya Rabi. Na mbona hukusema, mwanamume wewe? Miaka yote hii!"

Mwishehe alitafuta neno gizani. "Niliona ... unapenda. Watu. Nyumba ina ... watu. Nikasema, Mardhiya ... asibaki na mgonjwa ... tu."

Mardhiya aliviona vikombe vyote alivyoosha, kimoja juu ya kingine, mpaka darini. Angeweza kulia, lakini machozi nayo yanataka nguvu. Akacheka kidogo, cheko kavu lisilo na mwisho mzuri.

"Mimi sipendi kelele," alisema. "Sijapata kuzipenda. Nilidhani ni wewe."

Mkono mzima wa Mwishehe, wa kushoto, ulipapasa kitanda mpaka ukalipata goti la mkewe, ukatulia hapo. Wakakaa hivyo, uji ukaganda.

"Fedha ya ndogo tutaipata wapi?" akauliza Mardhiya baadaye.

"Uza ... sanduku. Siendi ... safari."

Sanduku la mninga lilinunuliwa na mtu mmoja wa Mlingotini aliyekuwa anamwoza binti yake. Mardhiya alilisindikiza kwa macho mpaka kona, akahisi kitu kikimchoma, kisha kikamwacha. Redio kubwa ikabaki kwa Ramadhan. Aliichukua kwa ajili ya vipuri, akampunguzia bei ya ndogo.

Ndogo ikakaa juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio la Mwishehe. Alijifunza kuizungusha kwa kidole gumba cha kushoto, na siku alipoikamata Bombay mwenyewe alimwita mkewe kwa sauti iliyomfanya aache kinu akimbie, akidhani kiharusi kimerudi.

Mwinyijuma alikuja, akasimama dirishani, akatega sikio. "Hatusikii kitu, shemeji!"

"Ingia ndani, basi," Mardhiya akamjibu. "Vua viatu, keti karibu naye, utasikia."

Mwinyijuma akatazama mle chumbani, penye harufu ya dawa na ya mtu aliyelala siku nyingi. Akasema ana nazi za kupakia. Baadaye aliingia, mara moja moja, akakaa ukingoni mwa kitanda kama aliyekalia kaa la moto. Wengine walihamia baraza ya duka moja penye redio ya kabati, na hapakuwa na ugomvi. Wakikutana na Mardhiya sokoni walimsalimu vizuri, wakaulizia hali ya mgonjwa.

Mwinyimvua aliingia bila kuitwa. Akavua makubadhi, akakaa chini kando ya kitanda, akaigusa redio, akauliza: inasemaje? Mwishehe akamwambia. Mzee akaweka kiganja sikioni, akasema hasikii. Mwishehe akavuta pumzi, akapiga kelele, "Wanasema ... mvua ... Morogoro!"

"Mbogo?"

"Morogoro!"

"Aaa, Morogoro!"

Ikawa ndiyo kazi yao kila alasiri, kipofu mwenye ulimi mzito kumhubiria habari za dunia mzee kiziwi. Lisiloshikika walilirudia mpaka likashikika. Ulimi ule haukupona, lakini ulipata kazi.

Alasiri moja Mardhiya aliwasikiliza akiwa uani, akiponda kisamvu. Akaona hahitajiki. Mumewe alikuwa na mtu. Akauacha mchi ndani ya kinu, akatandika jamvi ukumbini, akajinyoosha ili apumzishe mgongo kidogo tu. Alipozinduka jua lilikuwa limekwisha kuzama, jamvi limemchora shavuni, kisamvu kimeingia weusi kinuni, na chumbani Mwinyimvua alikuwa amekwisha kwenda. Hakuna aliyemwamsha. Alikaa kitako, akafunga upya kanga yake, akasikiliza kiungo kimoja baada ya kingine. Bado alikuwa amechoka. Akainuka, akaenda kuwasha moto.