Mikono ya Baba Gerejini

Juzi nilipotoka kazini, ninakohudumia wagonjwa, mwanangu alinikimbilia mlangoni. Nikainua mikono juu. "Subiri, mama anawe kwanza." Akanuna, na papo hapo nikaikumbuka gereji ya nyumba yetu ya utotoni, mjini Katy.

Mchana mmoja, nikiwa mdogo, kulikuwa na joto, feni ikivuma, harufu ya nta na mafuta ya bastola. Baba, aliyependa kulenga shabaha, alikuwa akitengeneza risasi zake. Vichwa vya risasi hizo alivimimina mwenyewe kwa madini ya risasi, metali laini ya kijivu, kisha kila kimoja akakijaribu kwa kidole gumba kwenye tundu la silinda ya bastola. Kilichohitaji kusukumwa kidogo alikiweka. Kilichodondoka chenyewe alikitupa kwenye kopo, ti!

"Mbona hicho umekitupa?" niliuliza kutoka mlangoni, mahali nilipoishia kuruhusiwa.

"Kinapwaya, mama. Hakifai."

Mimi nilikuwa na jino linalocheza, nimekuja kumwonyesha. Nikamkimbilia. Baba akaruka, mikono juu: "Usiniguse!"

Nilijificha nyuma ya mashine ya kufulia, nikalia. Kumbe chochote kinacholegea baba hakitaki! Nilisikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu, nikadhani amekwisha kunisahau.

Siku hizi najua madini yale ni sumu kwa watoto, na maji yale yote yalikuwa kwa ajili yangu.

Kisha baba akapiga magoti mbele yangu, mikono imelowa hadi viwikoni, inanukia sabuni ya vyombo.

"Haya, mama," akasema. "Nionyeshe hilo jino."