Tangi la Shangazi Saada

SHANGAZI SAADA KANIGOMBEZA! Kanigombeza kweli kweli, kwa sauti, spika imefunguliwa, muuza duka anasikia, na mie nimefurahi mpaka mashavu yananiuma. Ngojeni niwaeleze, maana mkiishia hapa mtasema huyu mtoto ana wazimu.

Shangazi yuko kwenye eda, hapa kwetu Chokocho. Mumewe Jabir, Mungu amrehemu, kafariki huu mwezi wa tatu sasa, kwa presha, asubuhi tu anavaa viatu. Toka siku hiyo shangazi hajalia. Watu wamekuja, wamelia, wameondoka, yeye kakaa vilevile. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia lala, analala. Ukimuuliza chochote, sawa. Siku moja nilimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, kwa bahati mbaya wallahi, akainywa yote. Nikamuuliza iko vizuri? Sawa. Bibi anasema tumwache. Basi tukawa tunamwacha.

Jabir alikuwa akifanya kazi hoteli, na moja katika kazi zake ni kutunza tangi la samaki la pale mapokezi. Hoteli ilipofungwa akapewa taa na pampu, akafuatilia kibali cha matumbawe machache, akaweka tangi lake nyumbani. Matumbawe matano na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Yeye na shangazi wakikaa mbele yake baada ya isha kama watu wanaoangalia tamthilia, na wanabishana kabisa nani kamfukuza nani.

Siku ya maziko chumba kikatakiwa cha kumkoshea maiti. Wanaume wakalinyanyua tangi na maji yake na mawe yake, nia nzuri tu, wanasaidia. Tangi la kioo halibebwi likiwa na maji. Halikufika hata mlangoni, likapasuka pembeni.

Samaki na matumbawe wakaingia kwenye beseni la kufulia. Mie ndiye nachota maji ya bahari, kwa sababu mwenye eda hatoki. Mchana beseni linapata moto, pampu inalalamika. Wiki iliyopita tumbawe moja likaanza kuwa jeupe. Na vyote vikifa, basi hakuna tena kitu cha Jabir kilicho hai mle ndani, maana watoto hawakujaaliwa. Hakuna aliyesema hivyo, lakini tulikuwa tunajua.

Tangi jipya hatuliwezi, na huku hulipati. Baba akatoa laki na nusu, akasema hapo ndipo mwisho. Nikaona kwenye grupu Msellem wa Mkoani, anayeuza fanicha za mtumba, kaweka picha za matangi mawili, bei sawa. Jumamosi nikenda. Nikampigia shangazi video ili achague mwenyewe. Kamera yake akaifunga, Msellem asimwone.

Tangi la kwanza kubwa, linang'aa. La pili fupi, kioo cha mbele kimechubuka kama paka kapigana nacho, gundi ya pembeni nene nyeusi. Mie nimeangalia video kama arobaini, kwa hiyo nikaanza. Nikapitisha ukucha kwenye gundi kuona kama inabanduka. Nikavuta uzi pembe hadi pembe kuona kama kioo kimevimba. Nikatafuta chumvi iliyoganda chini, maana hiyo ni dalili ya kuvuja. Msellem akauliza hao samaki wanahamia au wanaolewa. Lile kubwa likafaulu yote. Nichukue kubwa, shangazi? Sawa. Au dogo? Sawa. Nikatoa pesa.

"Halafu linanukia," nikasema, mdomo wangu tu huu. "Kama karafuu."

Shangazi akadakia kwenye simu, na safari hii si sawa.

"Muulize kalitia nini."

Msellem hata hakuficha, alijisifu. Mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu. Kalipaka hilo kubwa peke yake mwezi mzima, kioo na gundi, chungu wasipande na kuvu isiote. Hapa kwetu mafuta hayo tunapaka goti, tunapaka kabati, kwa hiyo mie nikaona mtu msafi huyu.

"Samiha, ukiumwa na jino unatia nini?"

"Karafuu."

"Ili iweje?"

"Jino life ganzi."

"Na samaki wangu mkubwa kuliko jino? Atalala asiamke. Gundi imeshayanywa hayo, ukoshe mwaka hayatoki. Akili yako umeiacha kwenye chaja? Miaka sita Jabir anaeleza mambo haya sebuleni, na wewe umekaa hapo hapo unamaliza maandazi yangu. Rudisha pesa mfukoni. Chukua lile bovu."

Msellem akasema taratibu kwamba si bovu, limechubuka tu. Shangazi akataka kujua limechubuka ndani au nje. Nikapitisha ukucha: nje. Akaamuru lijazwe maji ya kisima mpaka juu, chini litandikwe gazeti, lilale hivyo mpaka kesho. Msellem akaitikia naam Bi Saada, naam Bi Saada.

Jumapili gazeti kavu. Tukalileta tupu, juu ya godoro. Shangazi kapanga mawe mwenyewe, mikono ndani mpaka viwiko. Lile tumbawe jeupe lilikuwa limeshakufa, akalitoa, akaliweka dirishani. Yamebaki manne, na samaki wote wawili wanaogelea.

Jana nilimuuliza kama amefurahi. Akasema hajui, bado hasikii kitu, si furaha si uchungu, lakini maji nisichote karibu na boti za mashine, yana mafuta.

Kuna wengine wanafuga samaki na chupa ya makonyo ipo ndani. Tafadhali watumieni hii.