Ningu Wenye Uzi Mwekundu

Nilikuwa kidato cha tatu mvua ya masika ilipoanza na mwalimu wetu wa biolojia akatupeleka Mto Gucha kuhesabu ningu, samaki wanaopanda kutoka ziwani kuja kutaga mayai. Tulikuwa wasichana sita, pamoja na wakulima wawili waliojitolea kututegea migono. Kila ningu aliyenaswa tulimpima kwa rula, tukamfunga uzi mwekundu kwenye pezi la mgongoni, tukamrudisha majini.

Watu hawakutupenda. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamepita si zamani, majirani bado wanagombania mipaka, na yeyote mwenye daftari alitazamwa kwa jicho baya. "Nani anashika samaki kisha anamwachilia?" waliulizana.

Siku moja wale wakulima wakatuambia kwamba mjane anayekaa karibu na kivuko anatafuta samaki wetu, waliovuliwa tena na wavuvi, katika soko la Mosocho, na hachukui mwingine ila mwenye uzi. Sisi tukaamini anawapeleka kwa mganga. Nikatumwa mimi, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa mama yangu.

Nilimkuta akipalilia migomba. Sikuzungusha maneno.

"Nyanya, wale samaki wenye uzi unawapeleka wapi?"

Aliweka jembe chini. "Nawazika."

Akanionyesha udongo mbichi nyuma ya jiko. Kila ningu mwenye uzi alimpata kwa kutoa ndizi zake mwenyewe, akidhani tumewatia sumu ili watu wa kando ya mto wafe na mashamba yachukuliwe.

"Watoto wa hapa wanakula samaki hao," alisema. "Wewe ni damu yetu. Ulijua, ukanyamaza?"

Nilimwapia hakuna sumu. Hakuniamini.

Kesho yake asubuhi nilirudi na mwalimu. Mjane alimpika ningu mwenye uzi, akatuwekea pamoja na ugali wa wimbi, akaketi mlangoni. Mwalimu alikula bila wasiwasi. Mimi, naona aibu kusema, nilimsubiri mwalimu ameze kwanza ndipo nikaonja. Ghafla sikuwa na hakika tena na mwalimu wangu. Mjane alituzuia pale hadi saa sita, akitutazama machoni, aone kama sumu itatushika.

Baada ya hapo aliacha kuwazika. Alituwekea nyuzi, akawauliza wauza samaki na kutuambia kila samaki alinaswa wapi, mambo ambayo wenyewe tusingeyajua. Mwalimu alifurahi sana.

Lakini mimi hakunisamehe upesi, kwa kuwa aliniona nikisita mbele ya samaki niliyeapa hana sumu. Hadi namaliza shule, nilipomtembelea alinipa kiti nje, na jikoni kwake hakuniruhusu kuingia.