Shingo Mpya ya Gitaa la Mama Mkwe

Fundi gitaa alikuwa amekalia vitu vingi maishani, ikiwemo miwani yake mwenyewe na keki ya jirani, lakini siku aliyokalia gitaa la mama mkwe alijua amekwisha. Alitoka mezani ameshiba, akajitupa kwenye kochi bila kuangalia, kra! Shingo ikakatika humo humo ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

"Umemkalia mama yangu gitaa!" mke wake akapiga kelele. "Na Jumamosi anapiga!"

Mama mkwe zamani alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi. Alikuwa ameishi nao miaka tisa, gitaa likiwa nyuma ya kabati muda wote huo. Sasa wenzake wachache waliobaki wamemwita wapige pamoja mara moja tu, Jumamosi alasiri, kabla masikio hayajawaishia kabisa, ndipo akalitoa likawa pale kochini. Alipoonyeshwa msiba ule hakugomba. Alisema tu, "Haya," akaingia chumbani. Heri angegomba!

Fundi akanunua shingo mpya, akaifunga kwa skrubu zake nne. Lakini shingo ya dukani, jamani, haiji tayari hata siku moja. Vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, freti, vingine huwa virefu, vingine vifupi, na uzi ukigusa kirefu unalia ovyo. Basi akainyoosha shingo, akapaka kila freti wino mweusi kichwani, akaanza kupitisha tupa bapa huku amebana pumzi. Penye wino uliofutika, tupa imegusa. Penye wino uliobaki, bado, rudi tena. Alhamisi, siku ya tatu, doa la mwisho likatoka. Akavichonga vichwa vikawa mviringo, akaving'arisha, akashusha nyuzi chini kabisa, akazipapasa. Zikaitika vizuri ajabu.

"Mkono huu ukatiwe bima," akajisemea.

Ijumaa asubuhi mama mkwe akaja karakana, akalipakata gitaa, akapiga mara moja. Zzzzz! Kama nzi aliyefungiwa chupani.

Fundi akachungulia dirishani. "Labda ni hali ya hewa, Mama."

"Hali ya hewa," mama akarudia, akimtazama.

Mke wake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Wateja wako wote unawakalisha kwenye hicho kigoda wakupigie kwanza, ndipo ushike bisibisi. Mama ulimsikiliza lini?"

Lo! Hakumsikiliza. Tuseme ukweli, alimwogopa. Mwenye mkono mwepesi huwekewa nyuzi chini, mwenye mkono mzito huwekewa juu, na hilo fundi analijua hata usingizini. Ila kwa mama mkwe alikisia tu: bibi wa miaka sabini na moja, atakuwa na mkono wa pamba. Thubutu! Bibi alizichapa nyuzi kama anakung'uta zulia.

Fundi akavuta kigoda. "Mama, naomba unipigie. Nisikie mkono wako."

Mama hakukaa mara moja. "Miaka tisa nimo nyumba hii," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia nipige."

Hakulalamika, alisema tu. Fundi akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mke wake naye akageuka kutazama nje, ule ukali wote umemwisha.

Mama akapiga. Fundi akainua nyuzi kidogo, mama akapiga, akainua tena. Mara ya tatu sauti ikatoka nzito, haina hata mkwaruzo, mpaka makopo ya skrubu yakatikisika rafuni. Kazi ilikuwa imekwisha. Fundi alijua, na mke wake pale mlangoni alijua.

"Sasa liko sawa?" mama akauliza, ameanza kunyanyuka.

"Bado, Mama," fundi akadanganya, akiiweka bisibisi chini. "Hebu piga tena."